Saa inasema 178 na wewe unapiga stori: tumalize hii kesi ya mapigo ya moyo

Kila Jumapili asubuhi tukimaliza kukimbia, watu wamekaa pembeni ya barabara wanashushia madafu, lazima atokee mmoja ananinyooshea mkono, "Kaka hebu nichekie hii saa, leo imenizingua kinoma." Hii kazi sijui nilipewa lini, mimi ni mkimbiaji tu wa klabu ya jogingi huku Temeke, ila nimeshaharibu saa zangu tatu na kuzifufua mbili kwahiyo watu wameamua mimi ndo fundi. Malalamiko yenyewe yanajirudia kama nyimbo za mchakamchaka, nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu akinifata tena nimtumie hii nimalizie dafu langu.

Nikwambie mapema, nyingi ya hizo saa hazina ubovu wowote. Mkanda umelegea, au mgongo wa saa una mafuta, au moyo kweli unapiga hivyo na mwenye saa hataki kuamini.

Kwanza tujue anaedanganya ni nani

Usiguse setingi yoyote kabla hujajipima kwa mkono. Chukua vidole viwili, cha shahada na cha kati, weka chini ya kiganja upande wa dole gumba, au shingoni pembeni ya koromeo (shingoni bonyeza kiupole na upande mmoja tu). Dole gumba usilitumie kupimia, lina mapigo yake utajichanganya. Ukiwa umetulia hesabu sekunde 30 zidisha kwa 2. Ukiwa umetoka kukimbia hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4, maana ukisimama tu moyo unaanza kushuka, ukihesabu dakika nzima utapata namba ya mtu aliyeshapumzika.

Mkipishana na saa mapigo matano hivi, usilalamike, hata wewe unaweza kuwa umekosea kuhesabu. Mkipishana 20 na kuendelea hapo kuna kesi. Alafu pima mara mbili, umekaa kwenye kiti na katikati ya zoezi. Saa ikiwa sahihi umekaa ila inakosea unakimbia, mashine ni nzima, kinachosumbua ni mtikisiko. Ikikosea hata umekaa kimya hapo ndo tuanze kuwaza uchafu, ngozi, au sensa yenyewe (kile kifaa cha kupimia mgongoni mwa saa).

Na ujue inavyofanya kazi, maana ukishaelewa hili mengine yote utayajibu mwenyewe. Zile taa za kijani mgongoni mwa saa zinamulika ngozi. Damu inameza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye vimishipa vya mkono, mwanga unaorudi unapungua, damu ikipita unaongezeka tena, na pale katikati kuna kijicho kinahesabu kupungua na kuongezeka. Yani saa haisikilizi moyo, inachungulia damu kwenye mkono. Chochote kinachotikisa hiyo damu au kuziba huo mwanga kinaharibu hesabu.

"Ndo kwanza naanza, taratibu kabisa, saa inasema 170 na kitu"

Hili ndo namba moja, halina mpinzani. Na mimi lilinikuta Daraja la Tanzanite, tunakimbia na mwenzangu mwendo wa kuongea, namsimulia mechi ya Yanga na Simba kuanzia dakika ya kwanza, sentensi ndefu bila kuhema, naangalia mkononi 178. Nikaacha stori hapo hapo. Nikajiona nadondoka mbele za watu na upepo wote ule wa bahari. Nikasimama nikashika shingo, mapigo 33 kwa sekunde 15, yani 132. Nilivyorudi nyumbani nikafungua apu nikaangalia grafu ya hatua, hatua kwa dakika 176 mpaka 178. Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu!

Ndivyo inavyokuwa, ukikimbia kila hatua inatikisa mkono, damu inachezacheza kwa mdundo wa hatua, na watu wengi hatua zao zinaangukia 160 mpaka 180 kwa dakika, namba ambayo inafanana kabisa na moyo wa mtu anaekimbia kwahiyo saa haishtuki, inaona mdundo mzuri inaukumbatia.

Sababu ya kwanza kabisa ni mkanda kulegea. Watu wanavaa saa ya mazoezi kama bangili, inazunguka mkononi, taa za kijani unaziona zinachungulia pembeni. Ukiona mwanga unavuja, na mwanga wa jua nao unaingia. Kaza tundu moja zaidi ya ulivyozoea, kiasi kwamba ukiisukuma saa ngozi inakwenda nayo, ila vidole visipate ganzi. Ukimaliza kukimbia legeza, acha ngozi ipumue.

Ya pili ni mahali ulipoiweka. Wengi inakaa juu ya kile kifupa cha kifundo cha mkono, na juu ya mfupa saa haitulii, inabembea. Ipandishe vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko, hapo kuna nyama. Wenye mikono myembamba hili ndo dawa yenu.

Ya tatu ni kuanza bila kupasha. Dakika tano za mwanzo damu ya mkononi bado ni chache, saa inashika chochote inachokiona. Tembea, ruka ruka kidogo, washa saa ikiwa imeshashika mapigo ndo uanze. Ukibonyeza kuanza huku unakimbia umeitega mwenyewe.

Ya nne ni yetu sisi wa jogingi na hutaisoma kwenye kitabu cha maelekezo cha saa yoyote: makofi. Tunakimbia kwa nyimbo, miguu inagonga chini pamoja, watu hamsini hatua moja, na juu yake tunapiga makofi. Kila kofi ni tetemeko kwenye mkono wenye saa. Muimbishaji wetu grafu yake ilikuwa kama meno ya msumeno, inapanda kila kibwagizo kinapoingia, inashuka kwenye ubeti. Alishataka kwenda kurudishia watu saa yao dukani. Nikamwambia aipandishe mpaka karibu na kiwiko, aifunge kwa mkanda mrefu ule wa kitambaa, na tangu hapo grafu imetulia kiasi cha kusomeka. Kumwambia aache makofi hatukuthubutu, bila yeye hatufiki hata Mtoni.

Ukitaka kuhakikisha kama ni hatua zinahesabiwa, ukiwa unakimbia badilisha hatua kwa dakika moja, piga fupi fupi za haraka bila kuongeza spidi. Moyo wa kweli utapanda kidogo na taratibu. Ikiruka papo kwa papo kufata miguu, umeipata. Simama sekunde 20, iache ishike upya, endelea.

"Nahema mpaka naona nyota, saa inasema 95"

Hii ni kinyume chake, na hapa mambo ni mengi kidogo.

Anza na mafuta. Mtu ameoga, kajipaka mafuta ya mgando kama anakwenda harusini, kavaa saa juu yake. Mgongo wa saa unapata utando, juu yake jasho na vumbi la barabarani, ndani ya wiki mbili kijicho kinaangalia kupitia tope. Geuza saa yako sasa hivi uiangalie mwangani, ukiona ukungu umeshapata jibu. Futa kwa kitambaa laini chenye maji safi na tone la sabuni ya maji, suuza, kausha. Jik usiweke, petroli usiweke, na usikwangue kwa kucha wala wembe, kuna mmoja alikwangua na kisu cha kumenyea viazi na sasa kioo kina mikwaruzo ambayo haitatoka maisha.

Kina dada, piko. Hina ya kawaida iliyofifia sijaona ikileta shida, lakini piko nyeusi iliyokolea, maua yamejaa mpaka kwenye kifundo cha mkono, ule weusi unameza mwanga kama tatuu inavyofanya. Hamishia saa kwenye ngozi isiyo na rangi au mkono mwingine, na kumbuka kwenye setingi kuiambia saa umehamia mkono gani. Tatuu ni hivyo hivyo ila yenyewe haifutiki, kama mikono yote miwili imejaa wino usipoteze muda, nenda kwenye mkanda wa kifuani, nitauelezea mbele.

Kuna hili la ngozi nyeusi. Nalisikia kila wiki, "hizi saa wametengenezea wazungu". Lina chembe ya ukweli maana rangi ya ngozi nayo inameza mwanga wa kijani, ndo maana saa nyingi zinaongeza nguvu ya taa zenyewe zikiona mwanga unaorudi ni mdogo. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walichapisha mwaka 2020 vipimo vyao kwa watu wa rangi tofauti za ngozi, na kwenye mapigo ya moyo hawakuona tofauti ya maana kwa sababu ya rangi. Walichokiona ni kwamba kosa linaongezeka mtu akiwa kwenye shughuli kuliko akiwa ametulia, kwa wastani wa asilimia 30 hivi. Kwahiyo kabla hujailaumu ngozi laumu mkanda. Kipimo cha oksijeni ndo kina kesi yake na ngozi nyeusi, hiyo ni mada nyingine.

Baridi: Dar hii tunaidharau, lakini ukitoka kwenye ofisi ya eisii kali saa kumi na moja jioni mikono imeganda ukaanza kukimbia, damu imejificha ndani, saa haioni kitu. Ukienda Lushoto au Iringa alfajiri utaniambia. Pasha mikono kwanza, vaa shati la mikono mirefu juu ya saa.

Kubana kupita kiasi nako kumo. Ukiibana mpaka damu haipiti, hakuna cha kuchungulia.

Na dawa. Mzee mmoja tunaekimbia nae alikuwa na uhakika saa yake mbovu, hata kwenye mlima haivuki 110, akapima kwa vidole, 108. Saa iko sawa. Kumbe anatumia atenolol ya presha, na dawa za aina hiyo kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usipande. Kama unatumia, namba ndogo ni za kweli, na usiache dawa ili saa ikupe namba nzuri! Muulize daktari wako ujipimie kwa namba gani.

"Mbio za kasi fupi fupi haizisomi"

Inazisoma, ila inachelewa. Saa ya mkononi inalainisha namba ili zisiruke ruke, na damu nayo inachukua muda, kwahiyo unapanda kilima cha Mlimani kwa kasi sekunde 30, unafika juu umekufa, saa inasema 128, umeshakaa chini ndo inapanda 160. Hakuna setingi ya kuondoa hili. Kaza mkanda itapungua, haiishi. Mbio za chini ya dakika moja jipime kwa spidi na jinsi unavyohema.

Gym, baiskeli, ngumi

Ukishika chuma, misuli ya mkono inakakamaa na kuisukuma saa, na kiganja ukikikunja nyuma saa inainuka upande mmoja. Pushapu ndo mbaya kuliko zote. Baiskeli ni hivyo hivyo, unabana usukani, barabara ya vumbi inatetemesha kila kitu. Ipandishe saa juu ya mkono mbali na kifundo, baadhi ya watu wanaigeuza upande wa ndani wa mkono na inakubali. Kwa ngumi, sahau saa ya mkononi, na mwenzio unaepigana nae hataki kugongwa na kioo.

"Naingia nayo baharini inapotea"

Maji yanapita kati ya saa na ngozi kila ukipiga mkono, na mwanga unapinda. Pale Koko Bichi ukiogelea kwenye wimbi ndo kabisa. Usiamini namba ya ndani ya maji, na ukitoka suuza saa kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi ya bahari ikikaukia kwenye vile vituo vya chaji inavila.

"Namba inakuja na kuondoka, mara vistari tu"

Kwanza angalia betri. Ikiwa chini saa nyingi zinaingia kwenye kubana matumizi, zinapunguza kupima au zinazima kabisa taa za kijani. Pili hakikisha umechagua zoezi kwenye saa, maana ukikimbia bila kubonyeza "kukimbia" saa inapima mara moja moja kama umekaa ofisini, grafu itakuwa na mapengo na hiyo sio hitilafu. Tatu zima uwashe, najua mnalidharau hili lakini nusu ya saa ninazoletewa zinaponea hapo. Nne apdeti programu ya saa na ya apu kwenye simu, tumia waifai, hayo mafaili yanakula bando.

Ikiendelea, angalia taa ukiwa gizani. Funga saa mkononi, ingia chumba chenye giza, washa zoezi, chungulia pembeni. Taa zote zinawaka au moja imekufa? Moja ikiwa imekufa au zote haziwaki baada ya kuzima na kuwasha, kurudisha setingi za kiwandani ndo jaribio lako la mwisho (hamishia kumbukumbu zako kwenye apu kwanza, usije kulia). Na hapo kama bado haijapona, acha, hiyo ni ya fundi.

"Nimekaa tu, inasema 98"

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo saa inasingiziwa zaidi.

Mtu mzima ametulia, kawaida ni 60 mpaka 100, anaefanya mazoezi sana anaweza kuwa chini ya hapo, 50, hata 45, na akawa mzima. Unachotakiwa kujua ni namba YAKO ya siku zote. Ukiwa ni mtu wa 58 kila asubuhi alafu wiki hii ni 75, kuna kitu.

Jamaa yetu mmoja, dereva wa bodaboda, siku tatu saa inamwonyesha 98 mpaka 104 amelala. Akaifuta, akaibana, akaizima akaiwasha, mwisho akaanza kutafuta mteja wa kumuuzia kwa bei ya kutupa. Nikamwambia kaa hapa, nikashika mkono wake, 25 kwa sekunde 15, na mkono wenyewe wa moto kama sufuria. "We unaumwa." "Uchovu tu bro." Akaenda kupima jioni, malaria. Joto la mwili likipanda digrii moja, moyo unaongeza kama mapigo 10 kwa dakika, saa ilimwambia siku tatu mapema na yeye alikuwa anaifuta na kitambaa. Siku hizi haiuzi kwa bei yoyote.

Mbali na homa, zipo sababu za kawaida: hujalala, jana ulikunywa, umetoka kunywa kahawa, hujanywa maji ya kutosha, una mawazo ya kodi ya nyumba. Na joto letu hili. Kuanzia Disemba mpaka Machi jasho halikauki mwilini kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu, kwahiyo moyo unasukuma damu nyingi kwenye ngozi kutafuta ubaridi, na unavyozidi kutoka jasho damu inapungua maji, moyo unapiga mara nyingi zaidi kufidia. Njia ile ile, spidi ile ile ya mwezi wa saba, unakuta mapigo yamepanda 10, 15 zaidi, na yanazidi kupanda kadri unavyoendelea. Saa haina kosa hapo. Punguza mwendo, anza saa kumi na moja alfajiri, kunywa maji.

"Nimenunua mkanda wa kifuani, nao unadanganya"

Ule unapima umeme wa moyo kabisa, ndo maana ukiwa mzima unaizidi saa ya mkononi kwa mbali. Lakini ukiwa mkavu hausomi. Lowesha zile sehemu mbili za mpira kwa maji, au mate kama huna maji, kabla ya kuvaa. Dar jasho litamalizia kazi ndani ya dakika kumi ila hizo kumi za mwanzo ndo zinakupa namba za ajabu. Ukaze chini ya kifua, usishuke ukikimbia.

Kisha betri, ile ya kidonge, soma namba kwenye mfuniko, zingine ni CR2025 zingine CR2032, hazifanani unene. Betri ikianza kuchoka namba zinaruka kabla hazijapotea. Ukivua, chomoa kile kifaa kwenye mkanda, ukikiacha kimebanwa kwenye mkanda wenye jasho kinaendelea kudhani umevaa na betri inaisha kabatini. Mkanda wenyewe suuza kila siku na ufue kwa sabuni kidogo mara moja moja, chumvi ya jasho inaua umeme.

Saa ikikataa kuuona mkanda, angalia simu. Mikanda mingi ya zamani inaongea na kifaa kimoja tu kwa wakati kwa blututhi, na apu ya kwenye simu imeshaushika. Zima blututhi ya simu, jaribu tena. Na usiunganishe kwa mara ya kwanza mkiwa mmejipanga mstari wa kuanzia mbio! Sogea mbali na wenzako kama mita 10. Mimi nimewahi kukimbia kilomita sita nikifurahia moyo wangu ulivyo mtulivu, kumbe saa imeshika mkanda wa dada aliyekuwa mbele yangu, mtu wa marathoni.

"Kila siku niko zoni ya tano"

Zoni ni ngazi ambazo saa inagawia mapigo yako, ya tano ndo ya juu kabisa. Mara nyingi umri ulioandika sio wako, angalia mwaka wa kuzaliwa kwenye apu kwanza, mnadanganya hadi saa. Kama uko sawa, basi ni ile hesabu ya 220 kutoa umri inayokadiria kiwango cha juu cha mapigo yako, ambayo ni wastani tu, mtu mmoja mmoja anaweza kupishana nayo mapigo 10 na zaidi juu au chini. Kuna ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, kwa mtu wa miaka 40 zote zinatoa 180, kwa wa miaka 60 ya kwanza inatoa 160 na ya pili 166. Kama umejipima kwa vidole au mkanda na umeona unavuka kiwango hicho ukiwa mzima na unaongea, badilisha kiwango cha juu kwenye setingi kwa mkono.

Hapa acha saa, nenda kwa daktari

Ukipima kwa vidole na vidole vikakubaliana na namba mbaya, shida sio saa tena. Kifua kinabana au kinauma, maumivu yanakwenda begani au tayani, unahema bila sababu, kizunguzungu, umezimia hata sekunde chache: simama hapo hapo, mwambie mtu, nenda hospitali ya karibu, usijaribu kumalizia kilomita. Moyo uko juu ya 120 umekaa umetulia na haushuki, huna homa hujakimbia, nenda siku hiyo hiyo. Uko chini ya 40 na wewe sio mkimbiaji na unajisikia kuishiwa nguvu, hivyo hivyo.

Na hili la mapigo yasiyo na mpangilio. Ukishika mkono ukasikia yanakuja mawili haraka, linarukwa moja, matatu, hayana mdundo, saa nayo inaruka ruka bila kueleweka hata umekaa, usiibane tena mkanda. Mapigo mengine dhaifu hayafiki mkononi kabisa kwahiyo saa inaweza kuhesabu pungufu ya moyo wenyewe. Hapo kinatakiwa kipimo cha umeme wa moyo (ECG), hospitali nyingi wanacho, na kwa mambo makubwa ya moyo kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kama tukio linakuja na kuondoka, piga picha ya grafu na uandike ulikuwa unafanya nini, daktari ataipenda kuliko maelezo ya "huwa inakuja inakuja".

Na hapa acha bisibisi, nenda kwa fundi, au usiende kabisa

Feki zipo, tusifichane, zingine zinawaka taa nzuri alafu zinatunga namba. Watu wanapima kwa kuifunga saa kwenye kitambaa cha kanga kilichokunjwa waone kama itasoma mapigo, ila hicho kipimo sio haki, hata saa ya maana inaweza kukusomea moyo wa kanga maana inatafuta mdundo popote. Piga skwoti 30 za haraka. Vidole vinasema 130, saa inasema 76, 78, 75, dakika mbili nzima, na mkanda umekazwa na mgongo umefutwa, basi ni kifaa cha kuangalia muda tu.

Kioo cha nyuma kikipasuka usikigundishe na supaglu. Gundi inaziba mwanga, na maji yameshapata njia, kesho ukitoka jasho yanaingia kwenye betri. Fundi anaefungua saa isiyoingia maji inabidi arudishie mpira wake wa kuzuia maji, muulize kabla hajaanza, akikuangalia tu bila kujibu chukua saa yako.

Ukiona saa inapata moto mkononi, au mgongo umevimba, kioo cha mbele kinainuka pembeni kama mfuniko wa sufuria inayochemka, ivue, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza irudi. Hiyo ni betri imevimba. Iweke juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na godoro na pazia, mpaka uipeleke kwa mtu anaejua betri, na ngozi yako ikiwa imeungua au imetoka malengelenge pale ilipokaa, mwagilia maji ya bomba ya kawaida dakika 20, dawa ya meno usipake.